Msumeno Usiotaka Asubuhi

Shumba Viamboni, Pemba
9 Mei 1959

Shemegi yangu Mbarouk,

Assalam alaykum. Huku sote wazima. Ndugu yako Time mzima, watoto wazima, mama mzima isipokuwa miguu, na masika yametunyeshea mpaka tumechoka kuyashukuru. Natumai Tanga haijakunenepesha ukashindwa kuingia chini ya magari ya watu.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni ya mwenzangu Safari. Unajua mimi na yeye tumepasua mbao pamoja miaka kumi na mitatu, mimi juu ya gogo, yeye chini shimoni akila vumbi langu bila kunung'unika. Mwezi uliopita mshipa ulimshuka tukiwa katikati ya gogo la mwembe. Daktari wa Wete kamwambia akishika tena msumeno asimlaumu mtu. Basi msumeno wetu nimeutundika ukutani, maana hauvutwi na mtu mmoja, na kila ninayemwomba ashike upande wa chini hukumbuka kuwa ana shamba la kupalilia.

Ya pili ni hii. Kulikuwa na Mzungu mmoja anahama, vitu vyake vikanadiwa, nami nimerudi na msumeno wa mashine, ule wa petroli wenye mnyororo wa meno. Unashikwa na mtu mmoja peke yake. Umelala bandani miaka, kutu imeushika mpaka mnyororo hauzunguki. Time aliuzunguka mara mbili akauliza, "Na hichi ndo kilichokula mbuzi wetu watatu?"

Lakini sikiliza. Mzee Thuwein ana mikarafuu thelathini na kitu iliyokufa kwa yale maradhi, imesimama mikavu shambani kwake. Kanambia kazi ni yangu nikiwa na cha kukatia, na akishaniona yeye, wenye mashamba wengine watanifuata. Nikiufufua msumeno huu, nina kazi hapa hapa kwangu. Nisipoufufua, sina. Nimejipa mpaka mwisho wa Julai. Muda huo ukipita, nitafutie nafasi kwenye kiwanda cha mbao huko Tanga, nije nikae miaka miwili. Nimeshasema na Time, kakubali.

Wewe ndiye fundi wa mashine. Nianzie wapi?

Wasalaam,
Silima Duni

*

Tanga
21 Mei 1959

Shemegi Silima,

Wa alaykum salaam. Nimesikitika sana kwa Safari, mpe pole yangu. Mbuzi nao Mungu awarehemu.

Usiiogope mashine. Ndogo kama hiyo inataka vitu vitatu tu: petroli ifike, cheche iruke, hewa ipite. Kimoja kikikosekana, haiwaki. Ifungue taratibu, na kila unachokitoa kipange juu ya mkeka na ukitie alama, usije ukanambia vimebaki vitu hujui vilitoka wapi. Mnyororo uloweke kwenye mafuta ya taa siku tatu. Kabureta ioshe kwa petroli na unyoya wa kuku. Msumari usipite karibu na vitundu vyake. Plagi usihangaike kuisugua. Nimempa mpya Nassor muuza vitunguu, atashuka Wete wiki ijayo.

Sasa hapa tulia usome mara mbili. Gari lina oili yake tumboni. Msumeno wako hauna pa kuiweka, unainywa humo humo pamoja na petroli. Kibaba kimoja cha oili ya injini kwa vibaba kumi na sita vya petroli. Changanya kwanza kwenye debe, utikise, ndipo umimine tangini. Ukikosea hapo umeiua injini, na mimi sijui kusomea mashine talakini.

Kuhusu kiwanda, nimemuuliza msimamizi. Anaandika watu mwanzo wa Agosti. Chumba changu unakijua, na tangu marehemu Zuweina atangulie kimekuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja. Ukija utanifanyia hisani.

Ni mimi,
Mbarouk

*

Shumba Viamboni
20 Juni 1959

Shemegi, Iddi njema, na usome barua hii ukiwa umesimama. Mashine imelia!

Nilifanya kama ulivyosema. Kila kitu nilichokitoa nilikiandikia herufi kwa chaki, alif, be, te, kama tulivyoanza chuoni kwa marehemu baba yenu. Herufi zikaniishia na vitu bado, ikabidi vitatu vya mwisho niviite kwa majina ya wanangu. Ndani ya bomba la moshi nyigu walikuwa wamejenga mtaa mzima wa udongo. Kamba ya kuvutia ilikuwa imeoza. Nimeitia ya wavuvi wa Tumbe, ile ya kuvulia papa, na huyo atakayeikata bado hajazaliwa. Mnyororo niliuloweka kwenye sufuria ya Time. Hilo usimuulize.

Kisha nikafika kwenye meno, na hapo shemegi sikuhitaji barua yako. Niliketi na tupa nikayanoa moja moja, la kushoto, la kulia, mpaka nikagusa kwa kidole nikatoka damu. Wewe unajua injini, lakini jino la msumeno nalijua mimi.

Alhamisi baada ya adhuhuri niliitia petroli na oili, kibaba kwa kumi na sita kama ulivyoagiza, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena, ikakohoa. Mara ya sita ikanguruma, kuku wakapanda mapaa ya jirani, na mama akatoka ndani anasoma shahada. Nikaishusha kwenye gogo la Safari lile lile tuliloliacha nusu. Likakatika muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa. Safari mwenyewe alikuwepo. Alipitisha kiganja palipokatwa akasema, "Ungekuja mwaka jana huu, nami ningekuwa mzima."

Mzee Thuwein kaleta salamu. Anakuja kuuona Jumatano asubuhi, na akiridhika nianze siku hiyo hiyo.

Furaha yangu siwezi kuiandika.

Silima

*

Shumba Viamboni
4 Julai 1959

Shemegi Mbarouk,

Asubuhi hautaki.

Mchana jua likiwaka, unawaka. Asubuhi nivute mpaka kesho, kimya. Siku ya mawingu hautaki kutwa. Mzee Thuwein kaja Jumatano, nikavuta mbele yake mpaka jasho likanitoka na baridi yote hii. Kaja tena Jumamosi, vile vile. Akaondoka, na mchana wake ukawaka kwa mvuto wa pili kama unaotucheka. Plagi nimeitazama, ni safi. Kabureta nimeiosha mara nne.

Watu wameshapata la kusema. Wanasema kitu kina wenyewe, yaani majini, na wenyewe hawapendi kuamshwa mapema. Mimi siamini mambo hayo, lakini bega langu limeanza kuamini. Mzee Thuwein kanambia kwa upole, "Mwanangu Silima, mimi sikuchukii, ila kitu chenye wenyewe sikiingizi shambani kwangu." Atawaita watu wa mashoka kutoka Gombani mwezi ujao. Ukishakataliwa na Mzee Thuwein, hapa Shumba nani mwengine atakuita?

Basi tena. Mwambie msimamizi nakuja. Meli ni ya tarehe mosi Agosti, na nimeshapata nafasi.

Silima

*

Tanga
11 Julai 1959

Ndugu yangu mpenzi Time,

Baada ya salamu nyingi na mapenzi, nimeona nikuandikie wewe mwenyewe, maana jambo ulilolifanya si dogo. Wanawake wengi wangelia na kuvuta kanzu. Wewe umekubali mumeo aje huku miaka miwili, kwa kuwa umeona riziki ya nyumbani imekatika. Baba angekuwa hai angekuombea dua.

Usiwe na wasiwasi naye. Nafasi kiwandani ipo, na msimamizi kaniahidi haitapewa mtu mwengine. Nimeshanunua kitanda cha pili, na chandarua. Chakula tutapika wenyewe, ingawa nikikumbuka wali wake nauogopa.

Ni mimi kaka yako,
Mbarouk

*

Shumba Viamboni
18 Julai 1959

Kaka yangu Mbarouk,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuifahamu, ya pili niliifahamu, ya tatu nilitaka kuitia jikoni.

Unanishukuru nimekubali. Nimekubali nini, kaka? Mume wangu hajanambia neno. Nilimuuliza pale pale tukinywa chai, "Unakwenda Tanga?" Mkate aliokuwa ameuchovya ukamkatikia kikombeni. Akasema, "Nani kakwambia?" Hakusema sivyo. Alisema nani kakwambia.

Nakwambia la moyoni, na usinicheke. Sitaki aende. Mume wa Moza, jirani yetu, aliondoka kwa miaka miwili, na miwili hiyo leo ni tisa. Kila Iddi Moza anaambiwa Iddi ijayo. Silima si mtu mbaya, lakini ni mtu wa haya, na mtu wa haya akikosa cha kurudi nacho harudi. Mimi nitakula muhogo na yeye, lakini yeye awepo. Kama mashine ile haiponi kabisa, niambie mimi kwanza, nijue ninapigana na nini. Kama inapona, kwa nini uko kimya unanunua vyandarua?

Nyumba imekuwa karakana. Sufuria yangu ya wali hainuki tena ila mafuta ya taa. Juzi nimemkuta mama mkwe, Bi Mwatum wa watu, kachutama karibu ya msumeno na chetezo kinafuka ubani, anawabembeleza hao wenyewe watoke kwa wema, na debe la petroli liko wazi hatua mbili. Nilikinyakua chetezo nikakimbia nacho mpaka kisimani. Alhamdulillahi tu wazima. Kanuna mpaka leo.

Na mafuta yangu ya nazi, kaka! Nikune, nikamue, nipike, nitie chupani, halafu yeye aje aunyweshe msumeno. Vichwa vya watoto vimekauka. Nikimwambia nenda Wete ukatafute oili aliyokwambia kaka, anasema ya nazi ni safi kuliko ile nyeusi, na kwamba msumeno wake na Safari ulikula mafuta ya nazi miaka kumi na mitatu haukulalamika. Hata hayo kidogo anayoniachia siyapati nikiyataka. Kipupwe hiki kila asubuhi yameganda chupani kama samli, mpaka niyaweke juani ndipo yamiminike. Watoto wanakwenda chuoni na vichwa vya vumbi.

Meli ni tarehe mosi. Nijibu.

Time

*

SIMU. TANGA 23 JULAI 1959. KWA SILIMA DUNI SHUMBA VIAMBONI KUPITIA WETE.
USIPANDE MELI. MWAGA YOTE YALIYOMO TANGINI. OSHA TANGI NA KABURETA KWA PETROLI. TIA OILI YA INJINI. JARIBU ALFAJIRI. MBAROUK.

*

Tanga
23 Julai 1959

Shemegi Silima,

Wewe mwongo. Naanza hapo, salamu zitafuata.

"Niliitia petroli na oili, kibaba kwa kumi na sita kama ulivyoagiza." Nimeikunjua barua yako nikaisoma tena kuhakikisha. Mimi huku wiki mbili nafikiri cheche, nafikiri hewa, nimeuliza mafundi watatu, mmoja Mhindi ambaye hajapata kushindwa na kitu, kanambia mashine ya namna hiyo hajaiona. Kumbe mgonjwa anamficha mganga alichokula.

Barua ya Time imenifikia leo saa nne nikiwa chini ya lori. Nilipofika kwenye chupa yake ya mafuta niliinuka ghafla nikajigonga paji la uso. Shemegi, wewe unalala nyumba moja na chupa ile. Kila asubuhi ya kipupwe unaiona imeganda. Na humo tangini je? Wewe, namjua mtu wangu, hukutikisa kwenye debe. Umemimina mafuta kwanza, ukatia petroli juu yake. Yanakaa chini, baridi ya usiku inayagandisha, yanaziba tundu la kupitishia petroli. Mchana jua linayayeyusha, mashine inawaka. Siku ya mawingu, haiwaki. Hao ndio wenyewe. Injini hujaiua, ila umeitesa.

Kwenye msumeno wa mkono mafuta ya nazi ni sawa. Unayapaka juu, unafuta, basi. Huu unayameza.

Sasa na mimi nina langu, maana sipendi kukusema wewe peke yako. Nilipopata barua yako ya kuwa mashine imekataa, nilifurahi. Nilisikitika pia, lakini nilifurahi kwanza. Miaka miwili narudi kazini naufungua mlango mwenyewe, nawasha taa mwenyewe, nakula nimesimama. Nikasema sasa nitapata mtu wa kumkoromea masikioni. Na leo, baada ya kuisoma barua ya Time, niliikunja nikaitia mfukoni nikakaa nayo mpaka adhuhuri. Nilijua maneno yangu yakienda kwa posta ya kawaida huenda yakakukuta umeshapanda meli, na kosa lingekuwa la posta. Niliswali, nikaona haya, nikaenda mbio kupiga simu na paji la uso limevimba. Nisamehe.

Na kwa kumsingizia Time kuwa kakubali, usiseme kwangu, sema kwake.

Mbarouk

*

Shumba Viamboni
2 Agosti 1959

Shemegi yangu, ndugu yangu, Mbarouk,

Nakuandikia vumbi la mbao bado limo nyweleni.

Simu yako ililetwa na muuza samaki wa Tumbe aliyekabidhiwa Wete. Kaja kwa baiskeli huku analia njia nzima, akijua simu ni habari ya kifo. Watu wakakusanyika, mama akajifunga kanga kiunoni tayari kwa msiba. Nikaisoma kwa sauti. Nilipofika "mwaga yote yaliyomo tangini" Time akasema polepole, "Mafuta yangu." Tukatazamana. Akaenda ndani, akarudi na chupa, akaipindua mbele ya watu wote. Hakikutoka kitu. Yalikuwa yameganda.

Sikuwa na pa kuuficha uso. Kwa nini nilikuficha? Wete nilikwenda, oili ile niliiona, nyeusi, inanuka, nikaona haya kukitia kitu nilichokisafisha kwa mikono yangu uchafu kama ule. Nikasema mimi ni mtu wa misumeno, mtu wa misumeno hafundishwi kupaka mafuta. Baadaye msumeno ulipokataa niliogopa kukwambia. Na wewe mambo ya kufurahi na kukaa na barua mfukoni, mimi sikuyasikia. Ningekuwa mimi ningekaa nayo mpaka alasiri.

Nilifungua tangi kesho yake asubuhi. Shemegi, limeganda donge jeupe, limekumbatia kichujio. Nikaosha mara tatu. Jumatatu nikaenda Wete kuchukua oili. Jumanne, baada ya kuswali alfajiri, nilimwomba Mzee Thuwein aje, na watu wa msikitini wote wakaja, hata wale walioniambia nikauzike baharini. Baridi ilikuwa ya kuvaa makoti. Nikashika kamba. Nakwambia kweli, nilifumba macho.

Mvuto wa pili, Mbarouk. Wa pili tu!

Niliketi chini nikalia mbele ya watu wazima wenzangu, na msumeno unanguruma pembeni yangu. Safari ndiye aliyenishika bega. Mzee Thuwein alingoja nimalize, akasema, "Haya, jua halijatoka, nenda kaanze." Jana tarehe mosi, saa ya meli, nilikuwa naangusha mkarafuu wa tisa. Mwenye shamba la pili keshaniita. Safari tumekubaliana awe mtu wa kunoa na kupima magogo, kazi isiyotaka kuinua kizito. Mama anasema ubani wake ndio uliofanya kazi, nami nimemwachia.

Mwambie msimamizi anisamehe, ampe mwengine nafasi. Na kile kitanda cha pili usikiuze. Msimu wa karafuu ukiisha nitakuja na mama watoto na watoto wote tulale humo wiki mbili, mpaka utamani chumba chako kiwe kikubwa tena.

Silima

*

Shumba Viamboni
5 Agosti 1959

Kaka yangu Mbarouk,

Silima kakuandikia habari ya msumeno. Mimi nakuandikia habari yake.

Aliniomba radhi. Ilimchukua siku nne, na alianza kwa habari ya mvua. Kasema alinificha kwa sababu angenambia ningelia, na ningelia asingeweza kwenda. Nikamwambia basi ndiyo kazi yake machozi. Kacheka, nami nikacheka, ingawa nilikuwa bado nina hasira na nilitaka kukaa nazo kidogo.

Kila asubuhi nausikia unawaka huko shambani kwa Mzee Thuwein. Wanawake wenzangu wanalalamika kelele, wanasema watoto wanazinduka. Mimi sisemi kitu. Nikiusikia tu moyo wangu unatua, nageuza mkate.

Leo Safari kaleta kisanduku. Silima alikuwa kakificha kwake tangu mwezi wa saba, tayari kwa safari, mimi sijui. Safari kakiweka mlangoni hakunitazama usoni, akaenda zake. Nilipokifungua nikakuta kanzu zake mbili, shuka, kofia ya Iddi, na fulana zote zimekunjwa vizuri kuliko anavyokunja kwangu. Nimezitoa moja moja nikazifua zote, ingawa zilikuwa safi. Nimezianika uani, upande wa njiani, na sitazianua mpaka kila mtu wa Shumba awe kapita.

Ndugu yako,
Time